Paa Kwanza, Pazia Baadaye

Mdogo wangu wa Raila, hapa Kibera, barua yako imenifikia. Unasema unakaa na mdogo wako kwenye chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, mbele ukuta wa udongo, nyuma mabati. Pazia linalotenga kitanda na kochi umelishona mwenyewe, kreti za soda umezigeuza rafu za vyombo, na kila jirani akiingia anauliza ni fundi gani alikufanyia. Sasa unataka kuionyesha kazi hiyo mtandaoni, kwa picha, maandishi na video fupi, na unauliza kama ungoje kwanza uhamie nyumba ya mawe. Wenzako wa Gatina na Congo, kule Kawangware, wameniuliza jambo lilo hilo kwa maneno mengine, basi nawajibu nyote hapa.

Usingoje. Anza na chumba ulicho nacho.

Ukifungua simu utafute mapambo ya nyumba, utaletewa sebule za Marekani zenye kuta za jasi na madirisha ya kutoka sakafuni hadi darini. Yule dada anashika drili, anatoboa, anatundika kioo, kazi imekwisha. Wewe ukitoboa ukuta wa udongo, bonge zima linaporomoka na fito zinabaki wazi. Zile ndoano za kubandika kwa gundi hazishiki kwenye vumbi la udongo. Zulia la manyoya likikutana na mvua ya Aprili halimalizi wiki. Dada yule hajakosea lolote, ila anazungumza na mtu mwenye nyumba nyingine. Nairobi nayo imejaa watu wanaoishi chumba kimoja, na ni wachache mno wanaowaonyesha jinsi ya kukipanga kwa vitu vya masoko ya Toi na Gikomba. Nafasi yako iko hapo, na huwezi kuijaza vizuri ukishahama.

Ila nataka uingie kazini ukijua jambo moja. Katika chumba kama chako, pambo lazima litatue tatizo. Likifunika tu, litakula pesa zako halafu litaoza.

Kwa hiyo kabla ya pazia lolote, mchana kweupe, funga mlango, zima taa, tazama juu. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu. Utaona nyingi ziko kwenye misumari, kwa sababu bati hupanuka likipigwa na jua na kunywea usiku, na mwaka hata mwaka lile tundu la msumari linazidi kulegea. Raba za misumari na lami kidogo zitamaliza sehemu kubwa ya matatizo hayo. Piga picha kabla, piga picha baada, andika ulichotumia na bei uliyolipa. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza mtandaoni. Unaweza kudhani hakuna atakayesoma habari za tundu la paa. Watasoma, maana masika yakianza kila aliye chini ya mabati anaweka sufuria katikati ya chumba na kutafuta msaada.

Sasa twende kwenye ule ukuta wa nyuma. Najua utakachofanya, maana wengi wetu tumekulia nyumba zilizopambwa hivyo: unatundika shuka au pazia la wavu kutoka juu mpaka chini, mabati yanapotea, chumba kinang'aa. Ni desturi nzuri na sikukatazi. Lakini subiri Juni na Julai, baridi ya Nairobi ikikaza. Usiku mnapumua watu wawili ndani, umepika, umechemsha maji ya kuoga, na mvuke wote huo unagota kwenye bati baridi na kugeuka matone. Alfajiri bati linatoka jasho. Kitambaa kilichogusana nalo kinanyonya maji yale, na baada ya muda kinaota ukungu mweusi upande wa nyuma usioonekana. Wewe unashangaa mbona mtoto anakohoa na chumba kinanuka gunia bichi.

Dawa yake ni fito nyembamba za mbao. Zipigilie kwenye nguzo, moja juu, moja katikati, moja chini, kisha kitambaa ukishikize kwenye fito ili kiachane na bati kwa upana wa vidole viwili, hewa ipite. Kisifike sakafuni, acha nafasi ya kiganja, ili maji ya uchochoroni yakiingia chini ya mlango yasikipande. Na usikipigilie misumari kotekote. Pitisha waya kwenye pindo la juu kama unavyofanya kwa pazia la dirisha, chini utie vifungo viwili vitatu. Sababu ni kwamba kitambaa hicho utakivua kila mwezi, utakifua, utakianika juani.

Kwangu hili la kuvua ni kubwa kuliko rangi na mitindo yote. Tunaoishi plot za vyumba vilivyoshikana tunajua kwamba kunguni wakiingia kwa jirani, wako njiani kuja kwako. Kunguni anapenda mikunjo, mipasuko ya mbao, migongo ya fremu za picha. Mende na panya wanapenda zile katoni ambazo watu hupachika nyuma ya kitambaa ili ukuta uwe laini. Kitu usichoweza kukivua, kukimwagia maji ya moto au kukianika, usikiingize chumbani kwa jina la urembo. Ukinunua kiti cha mtumba, kipindue palepale kwa muuzaji, washa tochi ya simu, pekua mishono. Vidoti vyeusi kama wino uliomwagika ni alama yao. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Wa ukuta wa udongo, msipake rangi ya mafuta. Najua inang'aa na inafutika kwa kitambaa, lakini udongo unahitaji kupumua. Unyevu ukinaswa nyuma ya rangi ya mafuta ukuta unavimba, na rangi inabanduka na ganda la udongo. Tumia chokaa au rangi ya maji. Waswahili wa Lamu na Zanzibar walijenga kwa mawe ya matumbawe na kuyapaka chokaa kwa karne nyingi, na ndani ya kuta zile wakachonga vidaka vya kuwekea vyombo vya kaure, urembo na kabati kwa pamoja. Nasi wa bara tuna yetu. Mama na nyanya zetu kule magharibi wamekandika nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe tangu hapo, wakichanganya udongo wa rangi tofauti na majivu, wakichora mistari kwa vidole Krismasi ikikaribia. Mpigie nyanya simu umuulize alichanganya nini na nini, kisha andika. Mafunzo hayo hayamo kwenye video za ughaibuni.

Ukibandua rangi ya zamani kwenye mlango au kitanda cha chuma, usiikwangue ikiwa kavu, na usifanye ndani. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu akili ya mtoto. Umoja wa Mataifa unapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na Kenya imekifuata kiwango hicho. Nunua kopo lenye lebo kamili, usinunue iliyopimwa kwenye chupa kutoka mahali usipopajua. Lowesha, kwangua nje, watoto wakiwa mbali, kisha oga.

Paleti je? Wengi mmeniuliza, kwa sababu kila mtu anataka kitanda cha paleti. Angalia muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilitiwa joto kuua wadudu, hiyo chukua. MB maana yake zilipulizwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hiyo iache hata ukipewa bure. Isiyo na muhuri, na inanuka mafuta au kemikali, iache vilevile. Mafundi wa fanicha wa kando ya Barabara ya Ngong wana vipande vya mbao nzuri wanavyovitupa au kuviuza kwa bei ya kuni, na fundi ukimwendea kwa heshima saa anazofunga atakukatia kwa vipimo vyako. Ukitumia kazi ya fundi, mtaje kwa jina na mahali anapofanyia kazi, akikubali. Anaishi kwa kutafutwa, na wewe una watu wanaotafuta.

Pembeni mwa jiko pabaki patupu. Hapa sitabembeleza mtu. Pasiwe na kitambaa, katoni, gazeti wala mapambo ya plastiki upande ule wa jiko la mafuta au gesi. Bati tupu lililosuguliwa linapendeza likiwa safi. Na zile taa ndogo za kumetameta usizitundike kwenye waya wa umeme wa kugawana, ule wa sambaza, uliokwisha kubeba televisheni na pasi. Tumia zinazochajiwa kwa jua. Vichochoro vyetu ni vyembamba, gari la zimamoto halipiti, na moto wa nyumba moja huondoka na safu nzima kabla maji hayajafika. Unapowafundisha watu maelfu kupamba, unawajibika na kile watakachokiwasha.

Kuna kisa cha Kibera hii hii nakikumbuka kila ninapofikiria kazi yetu. Mwaka 2009 msanii Mfaransa ajulikanaye kama JR alifunika mita za mraba 2,000 za paa za Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapa. Mabehewa ya treni nayo yakabandikwa macho, na kwenye mteremko chini ya reli yakawekwa mabati yenye sehemu za chini za nyuso zile, hivi kwamba treni ikipita macho yanakutana na pua na midomo, sura inakamilika, inapotea tena. Dunia ilisifu sana picha hizo, na zilistahili. Mimi napenda zaidi jambo jingine: zile za paani zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo aliyekuwa chini ya picha alipata sanaa na kinga ya mvua kwa mkupuo mmoja. Pambo likifikia hapo, limekamilika.

Na kabla ya JR kufika, hapa palikuwa na wachoraji. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakiandika vibao vya maduka. Walivaa kama Wamaasai ili watu wawatambue wakitafuta kazi, na jina likabaki. Mwenzao Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 alizunguka na rangi na brashi akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na vibanda. Rangi ileile ya kuandikia bei za chipsi na kinyozi. Nawaambieni haya kwa sababu wengi mnaniandikia mkiomba radhi, eti hamkusomea usanifu wa ndani. Kazi ya mkono wenye rangi ina ukoo wake mtaani kwenu, na milango yake iko wazi. Nenda ukaone kazi zao, uulize rangi gani inadumu juani. Utajifunza pale mengi ambayo ada ya chuo isingekufunza.

Tuje kwenye kamera. Simu uliyo nayo inatosha. Kinachokosekana ni mwanga. Chumba kisicho na dirisha hutegemea mlango, basi jua mlango wako unatazama wapi na mwanga unaingia saa ngapi. Weka shuka jeupe au kipande cha katoni kilichovishwa karatasi ya alumini upande wa ndani, mkabala na mlango, na kile chumba chenye giza kitafunguka. Usiwashe taa ya simu. Inachoma rangi na kufanya ukuta uonekane mgonjwa.

Mwenye nyumba akikuruhusu, badilisha bati moja liwe la plastiki inayopitisha mwanga. Asipokubali kubadilisha bati lakini akakubali tundu, kuna chupa. Mwaka 2002 fundi makanika wa Brazili, Alfredo Moser, umeme ukiwa unakatika ovyo kwao, alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akaijaza maji safi, akatia vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote kijani, akaipenyeza kwenye paa nusu nje nusu ndani na kuziba ukingo usivuje. Jua likipiga, maji yanatawanya mwanga chumba kizima, mchana kutwa, bila tokeni wala waya. Ukiifanya, onyesha hatua ya kuziba kwa utulivu kuliko zote, maana hapo ndipo watu watakapoharakisha, na mvua itaingia kwao.

Neno "mwenye nyumba" nimelitaja mara moja na nitalirudia. Ombeni ruhusa kabla ya kugusa paa au ukuta, na iwe kwenye ujumbe wa simu unaoweza kuuonyesha baadaye. Wako watakaokubali haraka, kisha wakiona chumba kimependeza wanapandisha kodi. Ndiyo maana nawahimiza mtengeneze vitu vinavyobebeka: fito zinazofunguka, rafu zinazosimama zenyewe, kapeti ya plastiki iliyokatwa kwa vipimo na kukunjika, pazia la kugawa chumba linalokaa kwenye bomba. Julai 2018, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata, watu wapatao 30,000 wa Kibera walitolewa majumbani. Waliokuwa na kitu cha kubeba walibeba. Andika makala yako ya samani huku ukijiuliza kama mkokoteni mmoja utaihamisha nyumba yako nzima. Msomaji wako naye anaishi na swali hilohilo.

Sasa majirani, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kwa miaka mingi wageni wameingia Kibera na kamera wakatupiga picha tukifua, tukipika, watoto wetu wakiwa na makamasi, na hakuna aliyeuliza. Mpiga picha Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, alifungua ukurasa wake wa kusimulia maisha ya hapa akaonyesha harusi, mazoezi ya dansi, watu wakienda kanisani wamependeza, na wengi wakatambua mtaa wanaoujua. Kamera yako iwe ya namna hiyo. Kuwa mkazi hakukupi ruhusa ya kumuanika mkazi mwenzako. Mama wa chumba cha pili akipita nyuma ya video yako na leso, irudie.

Sheria nayo inasema hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera Lounge ya Barabara ya Ngong ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hiyo ni shule na klabu. Sisi wa chumba kimoja tungeitoa wapi? Kama rafiki yako amekukaribisha umpambie nyumba na umpige picha, muulize kwanza, mwonyeshe picha kabla hujazichapisha, na akibadili nia kesho uzitoe bila mjadala. Watoto wao usiwaweke kabisa.

Na wewe mwenyewe ujilinde. Usionyeshe kufuli lako, uchochoro unaopita, namba ya mlango wala televisheni mpya siku uliyoinunua. Usichapishe kwamba umesafiri ukiwa bado safarini. Msichana anayekaa peke yake na simu nzuri hahitaji kutangaza anakolala. Sema "Kibera" au "Kawangware", inatosha.

Swali linaloniumiza katika barua zenu ni la yule aliyesema amekaukiwa. Chumba amekwisha kukipamba, kimependeza, sasa hana cha kuonyesha, na kila wiki anahisi lazima anunue kitu kipya. Mpenzi, hapo ndipo watu wanapoingia madeni ya simu kwa ajili ya maua ya plastiki. Chumba hakibadiliki kila wiki, na hakuna sheria inayotaka kibadilike. Rudi kwa vile ulivyotengeneza. Lile pazia la Januari limekuwaje baada ya masika? Rafu imepinda? Rangi ya chokaa imetoka kwenye nguo? Wasomaji wanapenda kweli hizo kuliko picha ya siku ya kwanza, maana ya siku ya kwanza kila mtu anayo. Kisha toka nje ya chumba chako. Kaa na mafundi wa Kamukunji uone bati linavyokunjwa kuwa sanduku. Waombe akina mama Wanubi wa Makina wakuonyeshe wanavyosuka vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Rangi zinazokaribiana pale zimenifunza kupanga mito ya kochi kuliko kitabu chochote. Tembelea Kariokor kwa vikapu, Eastleigh kwa mapazia, hata kama huna pesa za kununua. Beba daftari, uchore.

Vitambaa vya mabaki navyo ni hazina. David Avido, mbunifu wa mavazi aliyekulia Kibera, korona ilipoingia mwaka 2020 alichukua mabaki ya vitambaa vyake akashona barakoa, akazigawa bure kwa majirani. Kila fundi cherehani wa mtaani ana gunia la vipande hivyo chini ya meza. Mito, vitambaa vya kochi, mikoba ya kutundika mlangoni ya kuwekea viatu: mwaka mzima wa kazi umo ndani ya gunia moja. Muulize kabla hajavichoma.

Watakaokutukana watakuja. Watasema unapamba nyumba ya matope, si ungetafuta kazi kwanza. Usijibu. Uliyempambia mama yake chumba akalala bila kudondokewa anajua umefanya nini. Yule atakayeuliza umetumia misumari ya inchi ngapi, mjibu siku hiyo hiyo.

Wa Congo, uliyeuliza kuhusu picha zako kuibwa na ukurasa mkubwa: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha uliyoipiga ni yako tangu ulipobonyeza kitufe, hata kama hujaisajili. Unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na itakusaidia ukifika kwenye mabishano. Hifadhi faili la asili, piga picha ya skrini ya ukurasa ule ikiwa na tarehe, waandikie kwa adabu waiondoe au waitaje kazi yako na kukulipa. Wengi huondoa wakiona unajua haki yako. Na wewe usichukue muziki wa mtu ukauweka chini ya video.

Mwisho, pesa, kwa sababu barua nyingi zimefika hapo baada ya kuzunguka sana. Tangazo la YouTube haliji haraka: wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo wakupe sehemu ya pesa za matangazo, au kama unatumia video fupi, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Usiache kibarua chako kwa kulitegemea hilo. Wengi huanza kupata kitu kwa kuitwa kupamba chumba cha mtu aliyeona kazi yao, na bei ya kazi hiyo itoe kabla hujashika nyundo: vifaa mbali, mkono wako mbali, nauli mbali, nusu kwa M-Pesa siku ya kuanza. Kampuni ikikuletea makopo ya rangi bure ili uisifu, waambie wasomaji kwamba ulipewa bure. Na kama rangi haishiki kwenye udongo, sema haishiki, hata wakikunyima kopo la pili. Anayekusoma atatoa pesa za chakula kununua kile ulichokisifu.

Chukua PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, mapema. Tangu Julai 2023 malipo ya kazi za kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa ushuru wa asilimia 5, na anayekulipa rasmi atakudai namba hiyo kabla ya kutuma chochote. Anzisha daftari la mapato na matumizi leo, hata kama ukurasa wa kwanza una mstari mmoja wa raba za misumari. Ritani za mwaka hufungwa 30 Juni. Nenda saiba mwezi Februari, wakati kijana wa pale ana nafasi ya kukueleza kila kisanduku kinauliza nini.